R ya Maalim Hilali

Mwezi uliopita Rukia alinipigia simu kunambia kwamba kaka yake Saidi kaja, na kwamba chakula cha Ijumaa kitaliwa kwao Kiponda kama zamani, nami nisikose. Nikamwambia nitakuja. Saidi sikumwona kwa zaidi ya miaka hamsini. Rukia alisema hata sauti yake imegeuka, akizungumza Kiingereza na mjukuu wake aliyekuja naye kutoka Kanada huwezi kujua kama ni mtu aliyezaliwa Unguja. "Lakini we utamjua tu, shoga," akasema, "we ndiye mwenye masikio." Alisema kwa kunisifu, kama walivyokuwa wakinisifu wote katika nyumba ile, na mimi nikakaa na simu mkononi muda mrefu baada ya yeye kukata. Sifa hiyo ndiyo niliyoikimbia tangu nikiwa na miaka kumi na tisa.

Mwaka ninaousema ni wa sabini kuingia sabini na moja, mchele ulipokuwa wa foleni na mkate wa boflo ukigaiwa nusu nusu. Nilikuja mjini kutoka Uroa nikiwa nimemaliza darasa la saba, na kinywa changu kilikuwa cha Uroa. Siku ya kwanza nilipotumwa dukani nikaagiza mafuta ya taa, watu wawili waliokuwa foleni walinirudishia maneno yangu kwa sauti yangu, wakacheka. Hawakuwa na ubaya, mjini ndivyo watu walivyotaniana, lakini tangu siku hiyo sikusema dukani. Nilinyoosha kidole. Nyumbani kwa Bi Kibibi, mama yao Rukia na Saidi, aliyenipa nusu ya kitanda cha Rukia, nilijibu naam nikiitwa, nikatoa shikamoo kwa wakubwa, na zaidi ya hapo sikutoa neno. Mtu asiyesema hana kazi ila kusikiliza. Nilisikiliza mpaka nikawa ninajua nani anapanda ngazi kabla hajafika, kwa namna alivyomsalimu mtu wa chini.

Na nyumba ile ilikuwa na mengi ya kusikiliza. Chumba tulichokuwa tukilia kilikuwa juu, dirisha lake likitazama ukuta wa jirani karibu hata ungeweza kumpa mtu chumvi kwa mkono. Sinia liliwekwa chini juu ya mkeka, muhogo wa kuchemsha na kisamvu, mara chache samaki changu wa kuchoma, na chai ya mchaichai isiyo na sukari ambayo Bi Kibibi alikuwa akiiombea radhi kila siku kama kwamba yeye ndiye aliyeficha sukari ya nchi nzima. Chini aliishi Bi Tereza, Mgoa, mwanamke mnene aliyevaa soksi hata wakati wa joto, msimamizi wa chumba cha simu mjini. Alipanda jioni kuja kunywa chai na kulalamika magoti. Kiingereza chake kilikuwa cha kwao: vitu vyote vizuri vilikuwa "weri gud", na siku ya Alhamisi aliita "Tasde", kwa t ngumu. Saidi, aliyekuwa karani katika ofisi moja bandarini, alimcheka. Bi Tereza naye alimwambia asimcheke, kwa sababu yeye Saidi Kiingereza chake hakipo popote duniani.

Ilikuwa kweli. Saidi alisomeshwa na Maalim Hilali, na Maalim Hilali alilelewa katika nyumba ya daktari mmoja wa Kiskochi pale Vuga, akimfungulia milango na kumpigia pasi mashati tangu utotoni, na Kiingereza chake chote alikipata humo. Sisi wote tulichukua maneno ya Waingereza tukayaacha bila r, tukasema shati, na muuguzi tukamwita nasi. Maalim alisema "sharrt", "narrs", ulimi ukipiga kama gurudumu la cherehani. Alhamisi kwake ilikuwa "Tharrzdei", kwa th safi ya thalathini na r tatu nyuma yake. Alifundisha miaka mingi katika skuli moja mjini, na kila mvulana aliyepita mikononi mwake alitoka na r ile, wala hawakujua kwamba ni ya Skochi. Walidhani ndiyo ya mfalme.

Maalim alikuwa mjane, na kila Ijumaa baada ya sala alikuja kula kwa Bi Kibibi. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia iliyofuliwa mpaka nakshi zake zikapotea, na alikula kwa adabu, akibakisha samaki upande wa watoto ingawa hapakuwa na watoto. Yeye ndiye mtu wa kwanza mjini aliyenisemesha bila kunirudishia sauti yangu. Alinambia, "Usikione kibaya kinywa chako, Mwanajuma. Kina kwao. Vinywa vingi humu mjini havijui kwao." Nilitazama sinia, lakini neno lile nililala nalo.

Siku moja Rukia alinikuta jikoni, peke yangu mbele ya seredani ya makaa, nikijisemea siku za wiki. Nilikuwa nikizisema kwa sauti ya Bi Tereza, kisha ya Bwana Mathayo, fundi wa waya mtu wa Tabora aliyekuja kumtengenezea Bi Tereza redio, ambaye kwake Alhamisi ni "Sasidei", kisha ya Maalim. Rukia alinivuta mpaka chumbani kwa wakubwa. Nilikataa kusema mbele ya macho yao, basi wakanining'inizia shuka mlangoni, nikasimama nyuma yake. Nyuma ya shuka sikuwa na haya. Nilipokuwa Bi Tereza nilikuwa mnene na magoti yakiniuma, nilipokuwa Maalim nilikuwa na kofia kichwani. Walicheka mpaka Bi Kibibi akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Ukawa mchezo wetu wa kila jioni, wanauliza "Huyu ni nani?" na mmoja wao anajibu. Ijumaa moja Maalim mwenyewe alikuwapo. Nilimtoa yeye, na nyuma ya shuka nikasikia kimya, nikaogopa. Kisha akasema polepole, "Kumbe ndivyo nilivyo." Akaomba nirudie.

Bi Tereza ndiye aliyenipeleka chumba cha simu. Alihitaji msichana mmoja wa simu za bara na Mombasa, na msichana huyo ilimpasa aseme Kiingereza kidogo, kwa ajili ya wageni. Nilimwambia siwezi kusema na watu. Akanambia sitasema na watu, nitasema na waya, na nikishindwa kuwa Mwanajuma niwe Tereza. Ndivyo nilivyofanya. Palikuwa na ubao wenye matundu, na taa ndogo ikiwaka unachomeka waya, unasema "namba plizi", unasikiliza, unaunganisha. Kwa miezi minne ya kwanza watu wa Zanzibar walisema nami wakidhani ni Mgoa mtu mzima. Nilikuwa na furaha, na naandika hivyo kwa sababu watu wanaonijua hawaniamini nikisema kuna mwaka nilikuwa na furaha. Nilipeleka nyumbani mshahara wangu na Bi Kibibi akapata nyuzi za kufumia kofia. Saidi alinambia, akinitazama, si kama mtu anayetania, kwamba ndiye mimi mtu pekee mjini anayeweza kuwa mtu yeyote amtakaye. Sikulala vizuri siku ile pia.

Asubuhi moja tulikuwa tukicheka chumba cha simu, nikiwatolea wenzangu Bwana Mathayo, na mlango ukafunguliwa. Aliingia bwana mmoja mwembamba mwenye miwani, shati lake limepigwa pasi vizuri. Ofisi aliyotoka hatukuwa tukiitaja jina. Wenzangu wakasimama. Yeye akasema kwa upole, "Kaeni, wanangu, kaeni." Bi Tereza aliona tutafukuzwa kazi kwa kucheka. Basi akaanza kunisifu haraka haraka, akasema msichana huyu hachezi, huyu ana masikio, hakuna mtu asiyemjua kwa namna anavyotamka Kiingereza, anaweza kukwambia mtu kasomea wapi na kwa nani. Alisema ili anilinde. Bwana yule alivua miwani akaipangusa, akasikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaondoka.

Alirudi siku ya Jumatatu. Alinichukua chumba cha pembeni, chenye meza moja na hedifoni mbili, na nje ya dirisha mtu alikuwa akifagia majani. Alinambia kuna mtu anayepiga simu Mombasa kutoka ukumbi wa hoteli moja, anajiita kwa jina la Kizungu, anasema Kiingereza. Keshapiga mara tatu. Wanaojua Kiingereza pale kwao wamesikiliza wakasema huyu si Mzungu, lakini si mtu wa hapa vilevile. Alisema jambo lenyewe si kubwa, wanataka kumjua tu. Nikakaa pale asubuhi nzima. Nilipewa chai yenye sukari. Nakumbuka nilivyoinywa polepole, nikijisemea nikirudi sitamwambia Bi Kibibi.

Kabla ya adhuhuri taa iliwaka. Nilijua ni Saidi kabla hajamaliza neno la kwanza. Alikuwa amejifanya mzito wa sauti, kama mtu mwenye tumbo, na kama si jambo lenyewe ningecheka, maana nilijua kajifunza wapi: nyuma ya shuka langu. Aliyekuwa Mombasa alimuuliza mzigo utakuwa tayari lini. Saidi akajibu kazi itakwisha Alhamisi. "Warrk," akasema. "Tharrzdei." Kila kitu alikificha ila r ya Maalim. Nikaelewa mzigo ni yeye mwenyewe. Nilikumbuka tangu wiki iliyopita alikuwa akimletea mama yake samaki kila siku, na kumtazama akila.

Bwana wa miwani aliteremsha hedifoni. "Huyu ni nani?" akauliza.

Nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi niliyokuwa nikiijua kuliko zote.

"Mwanangu, usiogope," akasema. "Misi Tereza kanambia huna usiyemjua. Karatasi yake ya kusafiri iko mezani kwangu, anataka kwenda kwa dada yake Bombay, mtu mzima yule. Sipendi kumwona kuwa ni mwongo."

Nataka kueleza nililofikiri, ingawa kueleza hakusaidii. Kwetu, mtu akisikika akisoma Kurani mahali, msikitini au dirishani, waliokaa hawaulizi jina lake. Hutega sikio, wakasema huyu kasoma kwa fulani, na hiyo ni heshima kwa wote wawili, na msomaji hubaki bila jina. Bi Kibibi alikuwa akifanya hivyo kila Ijumaa. Nilidhani nimepata mlango. Nisingemtaja Saidi, nisingemwangusha Bi Tereza, nisingesema uongo. Maalim alikuwa na wanafunzi mia na mia, baadhi yao wakubwa serikalini. Nilimwona kama kisima cha mtaa. Watu wote huteka, na nani atakamata kisima? Hayo ndiyo niliyoyafikiri. Na kulikuwa na jambo jengine, dogo, nalo linaniuma zaidi ya hayo. Nilifurahi kuulizwa. Mtu mkubwa alikuwa amekaa mbele yangu akingoja neno langu.

"Simjui mtu," nikasema, na kwa mara ya kwanza katika jengo lile nilisema kwa sauti yangu, ya Uroa. "Lakini kasomeshwa na Maalim Hilali."

Akaandika. Akanambia ahsante, nimalize chai yangu.

Sikumwambia Saidi. Nilijiambia nikimwonya atajua nilipokuwa, na kwamba Alhamisi i karibu. Jumatano usiku alikula nasi, akamtania Bi Tereza, na Alhamisi alitoka asubuhi na mkoba wake wa kazini, kwa njia aliyoijua yeye. Hakurudi. Bi Kibibi aliwaambia majirani kenda Pemba kutafuta kazi ya karafuu, akalisema hilo mara nyingi hata likawa na maelezo, na jina la kijiji.

Ijumaa sinia liliwekwa. Sala ilikwisha, tukasikia viatu njiani vikipita. Bi Kibibi alimsubiri Maalim, kisha akatwambia tule, akamfunikia fungu lake kwa kawa. Alasiri jirani alikuja akasema Maalim kachukuliwa kwake alfajiri, akiwa na kikoi tu. Bi Kibibi aliuliza kwa lipi. Jirani hakujua. Hakuna aliyejua. Watu wa ofisi ile walikuja kwetu mara mbili wakauliza juu ya Saidi, wakapekua, wakaondoka. Mtu waliyekuwa naye aliwatosha. Na kila Ijumaa, kwa miezi minane, fungu la Maalim liliwekwa chini ya kawa mpaka Magharibi, kisha likapewa mtu, katika mwaka ambao hakuna aliyekuwa na fungu la kuweka. Mimi ndiye niliyekuwa nikililetea kawa.

Bi Tereza hakupata karatasi yake mwaka ule wala uliofuata. Bwana wa miwani hakurudi. Mwezi wa pili baada ya Maalim kuchukuliwa niliacha kazi. Nilisema masikio yananiuma, Bi Tereza akaniwekea mafuta ya nazi yenye vuguvugu, akilia kwa sababu hatapata msichana kama mimi. Mchezo wa shuka ulikwisha bila mtu kusema umekwisha.

Maalim alirudi. Alikuja Ijumaa, baada ya sala, kama mtu aliyechelewa kidogo. Alikaa mahali pake, akala nyama laini tu ya samaki, kwa upande mmoja wa mdomo. Bi Kibibi hakumuuliza kitu. Mtoto wa jirani, aliyekuwa ameingia skuli mwaka ule, alikuja na kitabu chake cha Kiingereza, akamwomba amsomee neno. Maalim alikishika kitabu, akakitazama muda, akakifunga kwa taratibu, akamrudishia.

"Nimesahau, mwanangu," akasema.

Kisha akanitazama mimi. Sijui kama alijua. Nimeugeuza mtazamo ule miaka yote na sijui. Aliishi miaka miwili zaidi, na katika miaka hiyo sikumsikia neno moja la Kiingereza, hata yale yanayosemwa na kila mtu. Shati aliliita nguo.

Basi Ijumaa hii iliyopita nilipanda ngazi za Kiponda, nikishika ukuta. Bi Kibibi na Bi Tereza hawapo tena. Chumba ni kile, dirisha na ukuta wa jirani, ila pana meza na viti, na sukari ilijaa bakuli. Saidi alisimama. Kawa mzee mnene kweli, mwenye tumbo alilojifanya analo siku ile. Alisema nami Kiswahili cha kwetu, hakikupotea kitu, lakini alipomgeukia mjukuu wake kumwambia mimi ni nani nilisikia r ya Kanada, ya kukunjwa kooni na kumezwa. Nilitega sikio muda wote wa chakula. R ya Maalim haikuwamo. Wenzake wote aliosoma nao, alituhesabia kwa majina, wameshakufa. Alisema alipofika Mombasa alisikia Maalim kakamatwa, na kwamba maisha yake yote amejiuliza nani aliyewapa jina lile. Alidhani ni mwalimu mwenzake mwenye wivu. Rukia akataja wa pili. Walibishana kidogo juu ya marehemu hao wawili, na mimi nilikuwa na neno langu mdomoni, nimelitoa nyumbani kwa ajili hiyo, nimelifanyia mazoezi njia nzima.

"Mwana," Saidi akanambia.

"Naam."

"Hebu mtoe Maalim. Nataka huyu kijana amsikie kabla sijafa."

Rukia alikwishasimama kutafuta shuka. Nikamwambia hapana haja. Nilifumba macho. Sikuwa nimejaribu kwa miaka hamsini, na niliomba asije. Akaja, na kofia yake iliyopauka na adabu yake ya kula, akasema siku saba za wiki, moja moja, na alipofika Alhamisi alisimama juu ya r kama alivyokuwa akisimama darasani. Nilipofumbua macho Saidi alikuwa ameweka uso mikononi. Kijana alikuwa ameninyooshea simu yake, amerekodi, akaibonyeza, na Maalim akasema tena pale mezani, katikati ya sahani. Kijana alicheka kwa mshangao, akanitazama mimi, akatazama simu, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Huyu ni nani?"

Wote walingoja nijibu mimi. Nikajibu kama nilivyojibu mara ya kwanza.

"Maalim Hilali," nikasema.